Hewa Inachujwa

Saa saba usiku, ndege imenyamaza.
Nafuta mikanda, vimeza, viegemeo;
dawa yapenya barakoa mbili, yawasha pua.
Alfajiri abiria wa Nairobi watauliza
kama kusafiri ni salama.
Wataambiwa hewa inachujwa.
Ni kweli. Inachujwa.

Mimi sina chujio.
Narudi Magongo kwa miguu,
nguo navulia uani, ndoo ya maji imeshatengwa,
na Mishi yu nyuma ya pazia, haruhusiwi kunigusa:
“Mama, umewaua wangapi leo?”
“Wote. Ndege nzima.”
Anacheka, analala.

Mimi kitandani, macho kodo:
kile kitasa cha choo cha nyuma,
nilikifuta,
au nilikishika tu?