Yenye Nini?

Kwenye ndoo yangu ya juisi, sokoni Mwanga,
mwanangu Mashaka aliandika kwa rangi nyekundu:
YENYE VITAMINI C.
Hiyo C ikapinda kama ndoana.
Hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikujiuliza.
Maji, sukari, rangi ya chungwa,
na kijiko cha ndimu ya unga
kutoka duka la Mama Tunu:
nyeupe, chembechembe, kama chumvi iliyonuna.
Ikichacha, basi imo.
Ndivyo nilivyojua.

Baba mdogo Hilali alishika bendera stesheni
miaka thelathini na mmoja.
Tangu amzike mkewe, pale Gungu,
chungu chake kina lugha moja:
ugali, dagaa wakavu, chai ya rangi,
ugali, dagaa wakavu.
Mwezi wa tano mswaki ukatoka mwekundu.
Kidonda cha muundini, alipogonga ngazi,
kikakaa wazi kama mlango wa msiba.

Nikampelekea juisi. Kila jioni glasi moja,
na kwa mapenzi nikaongeza kijiko.
Alikunja uso mpaka macho yakapotea.
Nikasema moyoni: imemwingia.

Zahanati, Nesi Nyanzobe alimwangalia mdomoni kwa tochi,
kisha akaniangalia mimi.
"Anakula nini?"
Nikataja. Nikataja na juisi, kwa fahari.
Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Ndani ya ndimu mbichi," akasema,
"wamo wapangaji wawili, mlango mmoja.
Asidi ya sitriki ndiye mwenye kelele:
anakukunja uso, anakata shombo ya mgebuka,
analinda jemu isiharibike.
Kazi yake anaijua, simsengenyi.
Ila huyo wa paketi hata ndimu haijui.
Kiwandani wanaulisha ukungu mweusi sukari,
ukungu unamtoa.

Wa pili ni asidi askobiki.
Nyumbani tunamwita vitamini C.
Uchachu anao, lakini haupigii ngoma.
Mchemshe, anapungua; mwache hewani, anazimia.
Na huyo mnyonge ndiye anayeshona fizi,
anayefumba kidonda,
anayeshika mkono madini ya chuma ya maharage
yasipitilize tumboni
kama abiria aliyelala akapitwa na Kaliua.

Paketi yako, mama, ina mpangaji mmoja.
Yule wa kelele."

Nilitazama viatu vyangu.
Miezi mitano nilimnywesha mzee kelele,
kwenye fizi zilizo wazi.

Akampa vidonge, akaandika na kitu kingine:
*mapera.*
Mapera! Yale ya ua wa jirani,
yanayoliwa na popo, yanayooza njiani,
tunayoyakanyaga tukienda kununua dawa.
"Yana vitamini C kuzidi ndimu," akasema,
"na hayamkunji mtu uso."

Baba mdogo alikula la kwanza kwa shingo upande.
Mbegu zilimsumbua. "Tamu tu," akanung'unika,
"hii dawa gani?"
Wiki ya tatu nikakuta mswaki mweupe,
na nyuma ya tiketi ya zamani, mwandiko wake wa stesheni:

*Pera halina kelele, wala halikunji uso,*
*nililipita milele, nikitafuta mateso,*
*ndimu ya unga i mbele, niliifunga kwa leso,*
*dawa haina ukali, ulimi umenighuri.*

Nilimwambia aliyeifunga kwa leso ni mimi.
Akasema shairi ni lake, atafunga anachotaka.

Juisi bado nauza. Watu wanapenda uchachu,
na uchachu si kosa, kosa ni jina.
Jana nilikwangua maandishi kwa kijiko,
rangi ikang'ang'ania,
nikachoka njiani, likabaki neno moja.
Kijana wa bodaboda akasoma kwa sauti:
"YENYE... yenye nini, mama?"

Nikamjazia glasi.
"Kunywa. Yenye uchachu.
Halafu hapo nyuma, kwenye beseni,
mapera mia mia."