Mvuke Kiooni

Taa ziliwashwa kabla hatujakubaliana nani amekufa.
Sinema ya Liepāja, watu kumi na mmoja, makoti mapajani,
na kaka yangu Ilvars tayari amenigeukia:
"Yule wa garini si mama yake."

Ngoja, nikamwambia. Tuanze na baba.
Baba tulimwona mwisho akifunga mlango wa ghala la chini,
komeo likalia, picha ikabaki giza.
Giza la upande upi?
Ilvars asema la upande wetu, kwa hiyo amepona.
Mimi niliona viazi nyuma ya bega lake,
na viazi vilihifadhiwa chini.

Binti je? Alianza filamu na pengo,
akaimaliza anacheka, meno yote yamo.
"Limeota."
Kwa usiku mmoja?
"Nani kakwambia ulikuwa usiku mmoja?"
Nikanyamaza. Hapo alinipata.

Sheria tuliipewa mapema, kwa mdomo wa bibi asiyesikilizwa:
vifani wana kila kitu chako,
kovu lako, kikohozi chako, deni lako dukani,
ila pumzi yao haiachi mvuke kiooni.
Kisha mwishoni gari, theluji, mama na mwanawe wa kiume,
kioo cha mbele kinaingia ukungu taratibu,
mama anaufuta kwa mkono wa sweta.
Basi. Majina yakaanza kupanda.

"Aliyepumua ni mtoto," asema Ilvars.
Wote wawili, nasema.
"Unajuaje?"
Sijui. Nataka.

Tukapanda tramu ya mwisho, viatu vinachuruzika maji.
Duniani wawili wawili, watu husema
wakikufananisha na mtu wa mji mwingine,
wakacheka, wakaenda zao.
Hakuna anayeuliza yule wa pili anataka nini,
au kama amechoka,
au kama naye kuna mlango alifungiwa.

Ayalandi hatukuitaja.
Mama aliondoka nikiwa na miaka saba,
akachume uyoga kwenye mabanda yasiyo na madirisha,
akarudi nina kumi na mitatu:
nywele fupi, vijiko viwili vya sukari
kwenye chai aliyokuwa akiinywa kavu,
na mazoea ya kukiomba kiti radhi akikigonga.
Ilvars alimwita Skaidrīte, jina lake kamili,
kama tarishi anayetaka saini ya kifurushi.
Mimi usiku nilichukua kioo cha poda,
nikakiweka karibu na mdomo wake amelala.
Kikaingia ukungu.
Nikakifuta kwa gauni la kulalia, nikakirudisha.
Ukungu tena.
Nikasimama pale na ushahidi wangu
miguu inaganda sakafuni,
nisijue nimethibitisha nini.

Nilitaka kumwambia Ilvars haya pale kwenye tramu.
Alikuwa anachora mstari kwa kidole dirishani,
anaufuta, anauchora.
"Vile viazi," akasema baada ya vituo vitatu,
"sikuviona kabisa."
Na sauti yake ilikuwa ya mtu
aliyemwacha baba wa watu gizani
kwa kutotazama vizuri.

Tulipofika, jikoni kulikuwa na taa.
Mama kasimama dirishani katupa mgongo,
birika linachemka tangu lini sijui,
na kioo chote, pembe hadi pembe, kimejaa mvuke.
Hungeweza kujua upi wa birika, upi wake.
"Ilikuwa nzuri?" akauliza bila kugeuka.
Ilvars akavua kofia.
"Mama," akasema,
neno ambalo kwake huchukua muda kufika,
"hatujaielewa bado."
"Basi fungeni mlango," akasema, "baridi inaingia."
Nikaufunga.
Kisha nikabaki nimeshika komeo,
nikihesabu ni upande upi nilio.