Mia Tatu

Mimi ni fundi baiskeli. Kijiwe changu kipo konani,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
na mbele yangu, hatua sita nilizozipima kwa njaa,
palikuwa na karai la Bi Mwanamvua.

Saa kumi na moja jioni hakuwa na haja ya kuita.
Mafuta yalimwitia.
Chwaa! dengu ikigusa moto,
na watu wakatoka milangoni kama waliosikia majina yao:
makuli wenye vumbi la mkonge kwenye kope,
watoto wa madrasa, juzuu kwapani,
muuguzi wa Bombo aliyevua viatu akala pekupeku,
na yule mgambo
aliyemfukuza asubuhi pale Mgandini,
sasa kaja kinyonge: "Za mia tano, mama. Pilipili kwa mbali."
Akamtilia ya karibu.

Bajia zile hakuzaliwa nazo.
Alizitoa jikoni kwa Bi Kanta, mke wa Jayanti fundi cherehani,
nyumba yenye roshani ya mbao,
alikofua nguo miaka tisa huku akichungulia sufuria.
"Giligilani haikatwi kwa kisu," alitwambia,
akiiga sauti ya bibi yule,
"inachanwa kwa vidole, kama barua usiyotaka isomwe."
Bi Kanta aliondoka na masanduku manne.
Kinu cha shaba akamwachia Mwanamvua.
Nazi ikaongezwa kwenye chatne, ukwaju ukapunguzwa,
na hata kabla wanawe hawajaota meno ya magego
hakuna aliyeuliza tena mapishi ni ya nani.

Alifungia kwa karatasi za madaftari.
Nimekula huku nikisoma: saba mara nane, hamsini na nne,
na mkasi mwekundu wa mwalimu umelowa mafuta.
Nimesoma nusu ya insha, "Siku Nitakayo",
na mpaka leo sijui siku gani.

Jumanne ile nilimpa noti ya elfu tano. Hana chenji.
"Nenda, utaleta kesho mia tatu yangu.
Utakimbilia wapi na minyororo yako?"
Jumatano mvua.
Alhamisi nilikuwa na rimu tatu za kunyoosha, nikasahau.
Ijumaa karai halikuwepo,
ila duara jeusi la masizi ardhini,
na paka wawili wamekaa wakilitazama.

Makaburini kaka yake, Mbaruku, akasimama kama ilivyo ada:
"Anayemdai marehemu aje kwetu.
Na anayedaiwa naye"
(hapo sauti ikamkwama)
"anajijua."

Hakuna aliyekuwa akimdai.
Lakini kikohozi kilipita safuni, bega kwa bega.
Mgambo alitazama viatu vyake.
Kumbe mtaa mzima ulikuwa na mia mbili yake,
mia tano yake, elfu na mia yake,
na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Tulipeleka kimya kimya.
Sinia lilikaa kizingitini, binti yake Mwajabu pembeni,
hakuhesabu, hakuandika jina la mtu.
Mimi nilitia sarafu mbili,
nimezisugua kwa petroli zisinuke grisi.

Arobaini ilipopita, karai likarudi.
Mwajabu hajaujua moto:
nje zimeungua, ndani unga,
chumvi imetangulia mbele ya kila kitu.
Tulipanga foleni. Tulitafuna. Hakuna aliyefungua mdomo
isipokuwa kwa kula.
"Pilipili kwa mbali," akasema mgambo,
na binti, bila kufundishwa na mtu,
akamtilia ya karibu. Foleni ikacheka hadi machozi,
mengine si ya kicheko.

Nikampa elfu tano.
"Chenji sina, fundi. Utaleta kesho."
"Kaa nayo," nikamwambia. "Safari hii nidai mimi."

Giligilani ilikuwa imekatwa kwa kisu.
Nitamwambia.
Si leo.