Kielelezo B

Saa moja na dakika nne jioni, kikao kilifunguliwa.
Madiwani saba, wote wapo. Ukumbi ulinuka
makoti mabichi na kahawa ya mashine.
Niliandika: "Akidi imetimia."
Theluji ya viatuni sikuiandika.

Mimi ni karani wa Halvorsby, mji wa watu elfu sita
karibu na mpaka wa Kanada.
Mwaka wa kumi na tisa huu nakaa kiti cha pembeni.
Kazi yangu ni kupunguza maneno.
Mtu akilia, naandika: "Mkazi alieleza wasiwasi."

Bwana wa kampuni alileta picha ukutani:
bomba la kijani, lenye siha, likipita chini ya mji wa kuchora
usio na watoto. Inchi kumi na sita. Petroli mchana,
mafuta ya ndege usiku, tangu mwaka wa sitini na saba.
Alitamka "uadilifu" mara tisa.
Kila mara alimaanisha chuma.

Ndipo Orville Tveit, mstaafu wa kuchomelea vyuma,
akasimama na kopo la kahawa mkononi.
Hakusema "waheshimiwa."
Aliliweka mezani, akafungua kifuniko.
"Hii ni bustani ya mke wangu. Nimeichimba leo kwa sururu.
Mwezi Mei, huku kwetu, kila kitu huota hata usipotaka.
Pale hapakuota."

Harufu haikuomba ruhusa kwa mwenyekiti.
Ilipita safu ya kwanza, ikamfikia mama wa mapacha,
ikanifikia mimi. Unaijua:
ile ya kituo cha mafuta, ukishusha kioo cha gari.
Niliandika: "Kielelezo B. Udongo, kopo moja."

Wakili wa mji alijibu kama anayesoma karatasi ya dawa:
unene wa chuma, shinikizo, vali, ukaguzi,
vyote ni vya serikali kuu.
Baraza haliruhusiwi hata kupima.
"Na likipasuka?" akauliza diwani Renata Quispe.
"Zimamoto," akasema wakili, "ni ya mji."

Basi ndivyo ilivyo. Ufa ni wetu, saruji ni ya serikali kuu,
na ukuta tutakaokuja kuujenga utakuwa wa majina.

Karani hana sauti kikaoni;
limo kwenye kanuni, kifungu cha nane, nilikichapa mwenyewe.
Lakini adhuhuri ile nilikuwa nimeshuka stoo
kutafuta kitu kingine kabisa, ramani ya mtaro,
nikakuta mkataba. Kurasa nne, za taipu.
Mji unairuhusu kampuni ipitishe bomba
chini ya Barabara ya Tatu, Mtaa wa Mierezi,
na kando ya uwanja wa shule,
kwa miaka hamsini.
Nilihesabu kwa vidole, kisha kwa kikokotoo.
Umekwisha. Miaka saba iliyopita.

Nikanyoosha mkono kama mtoto anayeomba kwenda chooni.
Chuma si chetu, nilisema. Lami ni yetu.

Bwana wa kampuni alimtazama wakili wake.
Picha ya ukutani ikajizima yenyewe.

Quispe alitoa hoja: hakuna mkataba mpya
mpaka tuzione ripoti za ukaguzi, zisizopakwa wino mweusi,
na vali pande zote mbili za shule,
na namba ya simu inayopokewa na mtu.
Kura nne kwa tatu. Brandvold alikataa;
shemeji yake analipwa na kampuni.
Alilisema mwenyewe, kwa sauti, na sikumchukia.
Hakuna aliyepiga makofi.
Wakati tunahesabu mikono, chini yetu mafuta yalikuwa yakipita.

Kikao kilifungwa saa nne kasorobo.
Orville alilisahau kopo. Au hakulisahau.
Lipo kwenye rafu yangu, kati ya leseni za mbwa na vibali vya ua,
kifuniko nimekizungushia utepe wa gundi.
Kila asubuhi, kabla ya kuwasha taa,
nasimama mlangoni kwanza,
navuta pumzi.