Dumu Nyuma ya Mlango

Mwaka ule mvua ilianza siku ya Mtakatifu Marko
ikasahau kwenda zake.
Siku arobaini na tatu, nilizihesabu
katika daftari lilelile la hesabu za chupa,
maana mvua nayo ni deni, na mimi ndiye mwandishi wa madeni
katika nyumba ya akina Santoriello.

Hatuna mengi. Ekari tisa za mlimani:
nusu Aglianico, nyeusi, kaidi, ya mwisho kuiva
watu wakiwa wameshavaa makoti;
nusu Fiano, ya manjano, ambayo nyuki huijua kabla yetu;
na mistari minne ya mzabibu wa bibi
usio na jina katika kitabu chochote.
Twauita Wa Bibi, inatosha.

Baba alipoacha sumu nilikuwa na miaka sita.
Majirani walimcheka hata kanisani.
Alipanda maharage kati ya mistari, akayalaza chini yangali na maua,
akasema: udongo nao hula, tena hula kwanza.
Shaba kidogo, salfa kidogo, na jicho.
Jicho ndilo dawa, alisema.
Kisha akafa, akatuachia kutazama
bila kutuachia jicho lake.

Mwezi wa sita ukungu ukaingia.
Kwanza doa juu ya jani, kama la mafuta kwenye aproni;
ukiligeuza jani, unga mweupe.
Ng'ambo ya barabara mizabibu ya Petruzzo ilisimama kijani
kama iliyopakwa rangi.
Tulinyunyiza shaba alfajiri, mvua ikaiosha saa nne.
Tulinyunyiza tena. Ikaiosha tena.
Vichala vikawa ngozi,
vikaanguka ukivigusa kwa pumzi.

Nunziante, kaka yangu, hakulala.
Mwaka wa nyuma wanunuzi wa Milano waliusifu mvinyo,
na mgema wetu alisikia vizuri sana.
Jumanne alishuka mjini, akarudi na dumu la lita tano,
akalificha nyuma ya mlango wa banda, chini ya gunia.
Gunia haliwezi kuficha pembe nne.
Mimi nililiona. Mkewe Ortensia aliliona.
Mtoto aliliona, akauliza, akapewa biskuti.
Siku tano tuliupita mlango ule
kama watu wapitao karibu na mgonjwa aliyelala.

Jumapili, mama.
Hakupaza sauti; hana ya kupaza tangu augue mapafu.
Alikuja na dumu mikononi kama aliyebeba bakuli la supu,
akaliweka mezani, kati ya mkate na chumvi,
akaketi, akatupakulia.
Tulikula. Vijiko ndivyo vilivyosema.
Baada ya jibini alilisukuma kwa kidole hadi mbele ya Nunziante.
"Mimina, mwanangu," akasema. "Anza na glasi yangu."

Jumatatu alilirudisha.
Mwenye duka alikataa kutoa pesa,
akampa mikasi miwili ya kuvunia na kamba.
Nikaandika: mikasi, miwili. Kamba.
Hasara sikuiandika.

Novemba tulivuna kwa siku moja na nusu
kazi ya wiki mbili.
Kreti hamsini na nane. Fiano, hakuna.
Aglianico, pipa moja na kidogo.
Na Wa Bibi, sijui nisemeje,
Wa Bibi ulisimama katika mistari yake minne
mchafu, majani yametoboka, hai,
vichala vyake vidogo vikiwa vizima,
kama mtu aliyewahi kuona mvua kubwa zaidi
akanyamaza.
Nunziante alikata bila kunitazama.
Mkasi mpya ulilia kwik, kwik, bonde zima likasikia.

Mkaguzi wa kilimo hai alikuja Desemba,
viatu vimejaa tope letu, na fomu yake:
Je, kuna dawa yoyote isiyoruhusiwa iliyotumika shambani?
Nilitia alama penye hapana.
Kisanduku cha "karibu" hakikuwapo.