Mbuzi Hii, Mbuzi Huyu

Bi Somoe Shekuwe wa Langoni, mpika mahamri,
aligombea ubunge bila chama.
Kwenye fomu, penye "Alama", akaandika neno moja:
mbuzi.

Alitaka kile kiti kifupi chenye ulimi wa chuma,
alichokikalia tangu kuozwa,
kilichomkunia nazi za watoto sita na talaka moja.

Karatasi zilipofika kutoka Nairobi
zilikuwa na beberu, pembe mbili, ndevu,
kasimama kando ya jina lake
kama mume aliyerudi kuomba radhi.

Akaibeba mbuzi yake hadi ofisi ya tume,
akaitua mezani, juu ya mafaili.
"Mimi niliomba mbuzi hii. Nyinyi mmenipa mbuzi huyu."
Afisa, mtu wa bara, akapekua kamusi kwenye simu,
akasema muda wa malalamiko umekwisha.

Usiku ule mwanawe Famau akapiga
kutoka ufalme mmoja wa kusini, afagiako hoteli.
"Mama, huku wagombea wote ni kama wewe.
Hakuna chama, hakuna rangi, kila mtu na jina lake.
Wakishachaguliwa huenda kupiga magoti,
mfalme ndiye asemaye nani waziri."
Somoe akageuza hamri mafutani.
"Huku kwetu hupigwa magoti kwanza,
ndipo mtu akachaguliwa.
Tena afadhali wenu ana uso."

Siku ya kura nilikuwa karani, darasa la tatu,
ubaoni bado jedwali la saba.
Wasiojua kusoma waliuliza:
"Yuko wapi mwenye kukuna?"
Sheria yanikataza kuonyesha. Nikatazama dari.
Walitafuta meno, wakaona pembe,
wakatia alama kwingine.

Saa nane usiku jenereta likikohoa, tukahesabu.
Alishindwa kwa kura thelathini na moja.
Na karibu na mwisho wa rundo nikakunjua moja
isiyo na tiki.
Beberu kakatwa pembe kwa kalamu,
na ubavuni pake, kwa mkono uliotetemeka,
mbuzi imechorwa: kalio, ulimi,
meno tisa. Niliyahesabu.

Mawakala wakainamia meza. Hakuna aliyecheka.
Nikaiinua juu wote waione, kama ilivyoamriwa,
nikasema, kwa sauti niliyolipiwa:
"Imeharibika."