Kijani

Yadi iko nyuma ya maghala ya nafaka, Duluth,
pale ziwa lilipoganda hadi macho yanapochoka
na upepo wa Kanada unaingia bila kubisha hodi.
Tumekuja kwa basi, Darrell, kisha kwa miguu,
mimi mbele, wewe ukikanyaga nilipokanyaga,
kwa sababu leseni yako imelala kwenye droo ya polisi
na kwa sababu mama angekuwa hai
angenipigia simu alfajiri: mpeleke nduguyo.

Dirishani yupo mwanamke, kibandiko kinasema Lavonne,
glavu zimekatwa vidole, supu ndani ya kikombe.
Anahesabu kama muuza nyanya asiyeshuka bei:
kuvuta, mia mbili na kumi;
kulaza, arobaini kila usiku, usiku tisa;
"na karatasi," anasema, "karatasi nayo ishirini na tano."
Gari lenyewe halifiki mia nane
hata ukimpata mnunuzi asiyeona kutu.

Hukumgonga mtu.
Umelisema hilo mara nne tangu tutoke nyumbani,
kama mtu anayeonyesha risiti.
Ni kweli. Ulisimama tu kwenye taa ya kijani
ukingoja igeuke kijani,
magari yakipiga honi nyuma yako,
hadi kijana mwenye beji akagonga kioo kwa tochi
akakuuliza, kwa adabu, unangoja nini.

Nina mia tatu. Una mia mbili na themanini,
noti zako zimekunjwa ndogo ndogo kama dawa ya kienyeji.
Tumepungukiwa kumi na tano.
Lavonne hasemi neno. Anakunywa supu.
Napekua koti: sarafu za mashine ya kufulia,
kisha sarafu za basi la kurudi.
Nazipanga dirishani, vijimnara vya nne nne,
na nashukuru kwamba humtazami yeyote.

Gari lina namba ya chaki ya njano kwenye kioo
na theluji imelivisha hadi magotini.
Hujaenda kwenye usukani. Umeenda kwenye buti,
ukaipiga teke ikafunguka,
ukatoa kasha jeusi, refu, lenye stika za paka.
Tromboni ya Britta.
Tamasha lilikuwa Alhamisi.
Alikaa safu ya tatu, mikono juu ya magoti,
akihesabu mapigo ya wimbo asioupiga,
na mwalimu wake aliponiuliza kulikoni
nilisema betri ya gari imekufa.
Nimedanganya kwa ajili yako mara nyingi, kaka,
lakini hiyo ndiyo iliyonichoma kooni.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Hapa maji yakimwagika huganda,
ukitaka unaweza kuyaokota, kipande kwa kipande,
vidole vikifa ganzi.
Sijui kama hiyo ni nafuu.

Naketi kwenye usukani. Kuna harufu ya bia kuukuu
na ya machungwa uliyodhani yangeificha.
Chini ya dashibodi kinaning'inia kile kidude
alichokuja kukifunga fundi jana, na mdomo wake wa plastiki.
Hakijui nani ni nani.
Hata mimi niliyekunywa chai, na zamu mbili za usiku hospitalini,
lazima nipulize ili kiniamini.
Napuliza. Kinadai zaidi. Napuliza
hadi machozi yananitoka, machozi ya mapafu tu,
kisha kinakaa kimya, kinafikiri.

Umeshika kasha mapajani.
Nauli tumeshailipia karatasi.
Kama kitakataa, au betri imekufa kweli safari hii,
ni maili tano, na jua linazama saa kumi na nusu.
Pumzi yangu inaelea kati yetu, nyeupe.
Yako siioni. Umeibana.

Taa inawaka.

Kijani, Darrell, nakwambia.
Tazama vizuri. Hii ndiyo kijani.